Injini ya Subaru ilivyotaka kumeza akiba ya mahari

Na Mwandishi Wetu

IKIWA nyumbani kwenu kuna kijana aliyenunua gari lenye turbo, bila shaka mada hii imewahi kuletwa mezani, tena chai ikipoa huku watu wazima wakitamani kuzungumzia mambo mengine. Kwetu ililetwa Jumapili moja baada ya ibada. Kitindamimba wetu, mwenye umri wa miaka 27 na ambaye ni karani wa hesabu katika kampuni moja jijini Nairobi, alimweleza mama kwamba safari ya kupeleka mahari kwa wakwe zake watarajiwa ingebidi isubiri.

Mama aliuliza kama walikuwa wamekosana. Hapana. Je, msichana amebadili nia? Hapana. Wazazi wake wameongeza idadi ya mbuzi? Hapana vile vile.

"Sasa ni nini, mwanangu?"

"Ni krenki, mama."

Mama alinigeukia mimi. Katika familia yetu, kwa vile nilisomea uandishi wa habari, inaaminika kwamba hakuna jambo nisiloweza kulielewa, au angalau kumtafuta mtu wa kunielewesha. "Wewe ndiye wa magazeti," akasema. "Nenda naye huko kwa mafundi, uniletee maneno yaliyonyooka."

Maneno yenyewe yalikuwa hivi. Ndugu yangu ana Subaru Impreza WRX ya mwaka 2004, iliyoletwa nchini kutoka Japani na kupita mikononi mwa watu wawili kabla ya kumfikia. Alikuwa na akiba ya Sh420,000, aliyoiweka kidogo kidogo kwa miaka minne katika chama cha ushirika kazini kwao. Fundi mmoja alikuwa amemshauri aifungue injini na kutia krenki yenye mwendo mrefu zaidi, kazi ambayo wapenda magari huiita stroka. Fundi wa pili alimwonya asithubutu kuifungua. Kwa maoni yake, kijana alihitaji tu kufunga vifaa vya nje, yaani ekzosi pana, intakula kubwa na pampu ya petroli yenye nguvu, kisha kompyuta ya injini iandikwe upya. Kila mmoja wao alimwita mwenzake mharibifu. Na kila mmoja alitaka nusu ya malipo kabla ya kushika spana.

Kuuliza si ujinga. Kwa Jumamosi tatu mfululizo nilimfuata ndugu yangu kutoka gereji hadi gereji, kuanzia barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee wa jiji bado huiita Grogan, hadi Industrial Area. Mafundi walikuwa wakimweleza yeye huku maswali nikiyauliza mimi. Nilizoea.

Mchi, kinu na pedeli

Msomaji ambaye hajawahi kuiona injini ikiwa wazi na afikirie kinu na mchi. Silinda ni kinu, pistoni ni mchi unaopanda na kushuka ndani yake. Mchanganyiko wa hewa na petroli huwaka juu ya pistoni na kuisukuma chini. Kipande cha chuma kiitwacho konrodi huishikanisha pistoni na krenki, na krenki ndiyo hugeuza kule kupanda na kushuka kuwa mzunguko unaofika magurudumuni.

Sasa fikiria baiskeli. Krenki ya gari hufanya kazi ile ile ifanywayo na mikono ya pedeli. Ukiibadilisha mikono hiyo na kutia mirefu zaidi, mguu wako utapanda juu zaidi na kushuka chini zaidi katika kila mzunguko. Hiyo ndiyo stroka. Krenki yenye mkono mrefu zaidi huipa pistoni mwendo mrefu zaidi, silinda humeza hewa nyingi zaidi kila mara, na hewa nyingi ikikutana na petroli ya kutosha huzaa nguvu nyingi.

Mwanafunzi wa sekondari anaweza kufanya hesabu yake kwa kalamu. Chukua nusu ya upana wa silinda, uizidishe kwa yenyewe, kisha kwa 3.1416, kisha kwa mwendo wa pistoni, na mwisho kwa idadi ya silinda. Injini ya lita 2 ya gari la ndugu yangu ina silinda 4 zenye upana wa milimita 92, na mwendo wa pistoni ni milimita 75. Jibu ni sentimita za ujazo 1,994, au "sisi" kama tuzoeavyo kusema mitaani. Krenki aliyoahidiwa hutoka katika Subaru ya lita 2.5, ambayo mwendo wake ni milimita 79. Rudia hesabu kwa 79 na utapata 2,100.

Niliirudia hesabu hiyo mara tatu nikidhani nimekosea. Sisi 106! Ni nyongeza ya asilimia 5 tu. Nilipomwonyesha ndugu yangu karatasi, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba gari si hesabu peke yake. Kumbe alikuwa na haki kiasi, kama tutakavyoona, lakini kutoka kwa karani wa hesabu maneno hayo yalinishangaza.

Mchezo huu haukuanzia kwa Subaru. Wenye kuupa jina walikuwa Wamarekani na injini zao za V8. Mfano unaotajwa kila mahali ni ule wa Chevrolet. Kampuni hiyo ilikuwa na injini ya inchi za ujazo 350, ambayo mwendo wake ni inchi 3.48, na baadaye, kuanzia mwaka 1970, ikatengeneza nyingine ya 400 yenye mwendo wa inchi 3.75. Mafundi waligundua kwamba krenki ya ile 400 ingeweza kuingia katika bloku la 350, mradi shingo zake zisagwe zipungue unene. Ukiongeza na kuzichonga silinda kwa sehemu 30 za elfu za inchi, unapata injini ya 383, yaani kutoka lita 5.7 hadi karibu lita 6.3. Vipande vikuu vilikuwa vya kiwanda na vilipatikana kwenye magari yaliyotupwa. Kijana wa Kimarekani asiye na pesa nyingi angeweza kuiunda nyuma ya nyumba yao.

Hapo ndipo stroka ilipopata sifa yake ya kuwa nguvu ya bei nafuu. Sifa hiyo ilivuka bahari, lakini bei haikuvuka nayo.

Krenki haiji peke yake

Turudi kwenye baiskeli. Ukitia pedeli ndefu, siku ya kwanza ukikata kona, pedeli hugonga lami. Ndani ya injini ni vivyo hivyo. Krenki ya mwendo mrefu huzunguka katika duara kubwa zaidi, na konrodi inaweza kugusa ukingo wa chini wa silinda. Kwenye Chevrolet ile ya 383 ni jambo la kawaida mafundi kulisaga bloku kidogo mahali konrodi zipitapo.

Isitoshe, mwendo ukiongezeka kwa milimita 4, pistoni hupanda milimita 2 zaidi na kushuka milimita 2 zaidi. Ukiacha pistoni na konrodi zile zile, pistoni itatokeza juu ya bloku na kukutana na hedi. Kwa hiyo ni lazima utafute pistoni ambazo pini yake imepandishwa juu kwa kiasi hicho, na pistoni hizo huagizwa ng'ambo. Kisha krenki, konrodi na pistoni vipimwe uzito na kusawazishwa. Kisha nafasi ya beringi ipimwe kwa mikromita, kwa sehemu za mia za milimita, kwa sababu ikibana mafuta hayapiti, na ikilegea presha ya mafuta hushuka. Ukosefu wa mafuta kwenye beringi za konrodi ni ugonjwa ambao wenye Subaru za turbo wanaufahamu hata bila kutibuliwa na fundi.

Yule fundi wa stroka alikuwa ametaja bei ya krenki na kazi ya mikono. Tulipomuuliza habari za pistoni, alijibu kwamba "hizo tutaangalia". Kuhusu kusawazisha, alicheka.

Kuna pia suala la kasi ya pistoni yenyewe. Mwendo ukirefuka, pistoni hulazimika kusafiri umbali mkubwa zaidi kwa muda ule ule. Mfano mzuri ni Mitsubishi Lancer Evolution, hasimu wa Subaru tangu enzi za Safari Rally ya miaka ya 1990. Injini yake ya lita 2 ina mwendo wa milimita 88. Wanaoifanya stroka hutia krenki ya milimita 100 kutoka kwa ndugu yake wa lita 2.4, na ujazo hupanda kutoka sisi 1,997 hadi 2,270. Hiyo ni karibu asilimia 14, nyongeza ya kuonekana. Lakini katika mizunguko 7,000 kwa dakika, kasi ya wastani ya pistoni hupanda kutoka mita 20.5 hadi mita 23.3 kwa sekunde. Kila pistoni husimama na kugeuka mara mbili katika kila mzunguko, na ni konrodi inayoivuta isiendelee na safari yake hadi kwenye boneti. Ndiyo maana injini ya stroka hutaka konrodi imara zaidi, na kwa kawaida hailazimishwi mizunguko mingi kama ya zamani.

Je, basi faida yake ni ipi? Ni nguvu ya chini. Injini kubwa huvuta mapema, dereva hahitaji kuilaza giani na kuipigisha kelele. Kwa gari la turbo kuna faida ya pili. Turbo huendeshwa na moshi, na injini kubwa hutoa moshi mwingi mapema, hivyo turbo huamka upesi. Mtu aliyefunga turbo kubwa na kuchoka kuingoja iamke kila anapotoka kwenye mzunguko wa barabara, huyo ana sababu ya haki ya kuwaza stroka. Ndugu yangu alikuwa na turbo ile ile ndogo aliyoikuta.

Na jambo lililonifungua macho zaidi ni hili: ukiongeza ujazo na kuacha hedi, turbo na ekzosi za awali, huwi umeongeza kilele cha nguvu kwa kiasi kikubwa. Umekisogeza tu kilele hicho kwenye mizunguko ya chini. Ni kama mtu mwenye kifua kipana anayepumulia mrija. Kwa hiyo mwenye stroka, akitaka kunufaika kweli, hatimaye hununua pia vile vifaa vya nje alivyovidharau.

Vifaa vya nje navyo vina yake

Usidhani, msomaji, kwamba fundi wa pili alikuwa malaika.

Vifaa vya kufunga kwa bolti vina uzuri wake. Vinafungwa kimoja kimoja kadiri mfuko unavyoruhusu. Vinaweza kufunguliwa siku ya kuuza gari, hata kuuzwa kando. Injini haivuliwi. Lakini matokeo yake hutegemea sana aina ya gari. Kwenye gari lisilo na turbo, ile Corolla au Vitz ya nyumbani, kichujio cha hewa kilicho wazi na ekzosi pana huongeza kelele kwa wingi na nguvu kwa uchache. Majirani watajua umetumia pesa. Gari lenyewe halitajua.

Gari la turbo ni kisa kingine, maana hapo hewa husukumwa ndani kwa nguvu, na kila kizuizi unachokiondoa njiani husaidia. Ekzosi pana huipunguzia turbo kazi. Intakula kubwa hupoza hewa, na hewa baridi hubanana zaidi. Halafu kompyuta ikiandikwa upya, presha ya turbo na wakati wa cheche hurekebishwa kulingana na vifaa hivyo.

Hapo kwenye kompyuta ndipo pesa nyingi hupotelea. Gari la aina hii hupima hewa inayoingia kwa kifaa kilichokaa ndani ya bomba la upana maalumu. Ukilibadilisha bomba hilo na kutia pana zaidi bila kuirekebisha kompyuta, kifaa husoma hewa pungufu ya ile iliyopita, petroli huingia kidogo kuliko inavyohitajika, na moto ndani ya silinda huwa mkali kupita kiasi. Mafuta huanza kulipuka kabla ya wakati wake. Fundi husikia mlio kama wa kokoto ndani ya mkebe. Mwenye gari, redio ikiwa juu, hasikii kitu.

Na kumbuka kwamba magari ya Subaru yaliyouzwa Japani yalitegwa kwa petroli ya daraja la juu ya huko. Dereva wa hapa anayejaza petroli ya kawaida tayari ameipunguzia injini usalama wake kabla hata ya kugusa bolti moja.

Hewa ya Nairobi

Kuna mtu mmoja tu katika safari yetu aliyeanza kwa kutuuliza gari hutembea wapi. Alikuwa mzee wa makamo mwenye karakana ndogo Industrial Area, na mashine ya kupimia nguvu ambapo gari husimama juu ya rola na kukimbia bila kwenda popote. Tulipomjibu kwamba ni Nairobi, na mara moja moja Mombasa, alitikisa kichwa kana kwamba tumemtajia ugonjwa.

Nairobi iko takriban mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja katika kila sehemu sita za nguvu iliyokuwa nayo pwani. Hili halionekani kwa macho, lakini familia yoyote iliyosafiri Mombasa kwa Krismasi imelihisi: gari lililokuwa likijivuta Mlolongo hufika Mariakani likiwa kijana. Ukilinganisha hasara hiyo na asilimia 5 za krenki ya milimita 79, utaona ni nani anayetunyang'anya zaidi.

Turbo huifidia sehemu kubwa ya hasara hiyo kwa kuisukuma hewa ndani, ila hapa juu hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi kufikia presha ile ile, na hewa hutoka ikiwa ya moto zaidi. Kwa sababu hiyo mzee yule alisema kwamba kwa gari la turbo linaloishi Nairobi, yeye angeanza na intakula nzuri na kuitega kompyuta hapa hapa kwa petroli ya hapa, badala ya kununua programu iliyoandikwa kwa gari la Ulaya. Lakini kwanza, akaongeza, lazima ajue kama injini yenyewe ni nzima.

Akatoa plagi zote nne na kufunga geji ya kupimia mgandamizo.

Silinda ya kwanza, ya pili na ya tatu zilisoma karibu sawa. Ya nne ilikuwa chini kwa robo nzima. Aliipima tena. Akamimina mafuta kidogo ndani yake na kupima mara ya tatu. Sindano ikapanda, ishara kwamba mgandamizo ulikuwa ukivuja kando ya pistoni wala si kwenye valvu. Kisha akalifuata bomba la hewa kwa kidole hadi kwenye kichujio kipana chenye rangi nyekundu, na kuuliza ni nani aliyekifunga na kama kompyuta iliwahi kurekebishwa.

Ndugu yangu alikuwa amekifungiwa miezi minane awali katika gereji moja ambayo sitaitaja. Kompyuta haikuguswa. Aliambiwa kwamba gari "litajizoesha".

Chini ya meza ya kazi

Basi mabishano yote ya stroka na vifaa vya nje yakaisha hapo kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia. Injini ilibidi ifunguliwe, mtu apende asipende. Ilipovuliwa wiki iliyofuata tulionyeshwa pistoni ya nne ikiwa imevunjika mahali panaposhikilia ringi, kipande cha ukubwa wa ukucha kikikosekana, na ukuta wa silinda ukiwa na mikwaruzo ambayo hata kidole changu kiliihisi.

Fundi wa stroka alipopata habari alipiga simu mwenyewe. Si nilisema? Maadamu imefunguliwa, tia krenki sasa! Na hapa lazima niseme kwa haki kwamba hoja hiyo si ya kipuuzi. Gharama kubwa ya stroka ni kuivua injini, kuifungua, kuichonga na kuirudisha. Ikiwa tayari unalipia hayo yote kwa sababu nyingine, na ni lazima ununue pistoni mpya hata hivyo, krenki ya mwendo mrefu huwa nyongeza tu juu ya bili iliyopo. Mwenye Evolution aliyevunja injini, kwa ile asilimia 14 yake, ningemwelewa kabisa. Na kama krenki ya ndugu yangu ingekuwa imeharibika, pengine ningeandika makala tofauti.

Lakini krenki ilipimwa na kukutwa nzima, shingo zake hazina hata alama. Kuiweka kando chuma nzuri ya kiwanda ili kupata sisi 106, huku turbo ikibaki ile ile, kulimshinda hata kijana wangu. Mzee wa karakana alimkumbusha pia kwamba Subaru wenyewe, walipotengeneza ile Impreza 22B ya mwaka 1998 ambayo vijana huibandika ukutani, waliipanua silinda hadi milimita 96.9 na kuuacha mwendo ule ule wa 75. Na Colin McRae aliposhinda Safari Rally hapa kwetu mwaka 1997 kwa Impreza, kanuni zilikuwa zimembana kwenye lita 2, na hewa yote ya injini ile ilipitia tundu la milimita 34.

Kulikuwa na njia ya tatu, ambayo Wakenya wengi huishia kuifuata, yaani kununua injini kuukuu iliyoletwa kutoka Japani na kuibadilisha nzima nzima. Ni kazi ya siku chache. Tuliiacha kwa sababu injini ya namna hiyo hununuliwa ikiwa imefungwa, na hujui aliyeitumia aliitendea nini. Tena nambari ya injini ikibadilika ni lazima kitabu cha gari kibadilishwe kupitia NTSA, na watu wengi husahau mpaka siku ya kuuza. Jambo jingine linalosahauliwa ni bima. Iwe ni krenki, turbo au kompyuta, kampuni ya bima inapaswa kuelezwa, maana siku ya ajali mkaguzi atafungua boneti, na mabadiliko yaliyofichwa ni sababu tosha ya kukataa kulipa.

Mwishowe silinda zilichongwa hadi milimita 92.5 ili mikwaruzo iishe, zikatiwa pistoni zilizofuliwa, beringi mpya, gasketi mpya na pampu mpya ya mafuta. Fanya ile hesabu yetu tena kwa 92.5 na mwendo wa 75. Utapata 2,016. Kijana alipata sisi 22 za bure bila kuziomba, na huzitaja kila akipata nafasi. Kichujio kile chekundu kiliuzwa, bomba la kiwanda likarudishwa, na kompyuta ikategwa juu ya rola kwa petroli ya kituo anachojazia. Breki za mbele, ambazo hakuna fundi hata mmoja kati ya wale wawili aliyezitaja, zilikutwa zimebaki na unene wa sarafu, zikabadilishwa.

Yote hayo yalikula Sh260,000. Zilizobaki zilipelekwa mahali zilipokusudiwa tangu awali, kama sehemu ya kwanza, na mchumba wake, ambaye alikuwa ameifuata habari hii kwa utulivu kuliko sisi sote, alisema tu kwamba angependa kuambiwa mapema siku krenki ikihitajika tena.

Safari ya kwenda Murang'a tuliifanya kwa gari hilo hilo. Injini mpya hutakiwa kulelewa, na mzee alikuwa ameagiza kwamba kwa kilomita 1,500 za kwanza isipite mizunguko 3,500 wala isikanyagwe kwa ghafla. Kwa hiyo tulipanda barabara ya Thika tukiwa upande wa kushoto kabisa, mama mbele, mimi nyuma na shuka na sukari. Karibu na Kenol tulipitwa na Probox iliyojaa kabichi hadi darini. Ndugu yangu aliitazama ikitokomea, taya zikiwa zimekaza, asiseme neno.

Tulipofika, baba wa msichana alikuwa amesimama langoni akitutazama tukiingia polepole. Baadaye, watu wakila, alimwinamia mama na kumwambia kwamba amefarijika sana kuona kijana wa siku hizi anayeendesha gari kwa adabu namna ile.

Mama alinitazama. Mimi nikawatazama mbuzi.